Ngoma ya Mashine ya Kupukuchulia Mahindi Imegoma Kuzunguka? Vua Mkanda Kwanza

Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 7 mahindi yanashuka shambani Kahama, Msalala, Ushetu, Kishapu, Bukombe, Mbogwe hadi Geita. Huo ndio wakati simu ya bwana shamba haipumziki. Wapo wanaouliza bei, wapo wanaouliza dawa ya wadudu wa ghalani, lakini kila mwaka hawakosekani vijana wanaosema hivi: "Mtaalamu, mashine yetu tumeitoa stoo, tumewasha injini, mkanda unatoa moshi, ngoma haitaki kuzunguka. Tufanyeje?"

Leo tuzungumze hilo na tulimalize. Nazungumzia zile mashine za kupukuchulia mahindi zinazosukumwa na injini ya dizeli au petroli kwa mkanda, nyingi zikiwa za mitumba au za kuchomelewa hapa hapa kwetu. Ndani kuna ngoma ya chuma yenye meno, chini yake kuna chekeche, pembeni kuna feni ya kupeperusha makapi. Mwenye mashine ya kupura mpunga naye asome, maana ngoma, shafti na beringi zinafanya kazi kwa namna ile ile.

Jambo kubwa la kushika ni moja. Ngoma ikigoma, injini haiwezi kuitibu. Ukilazimisha kwa injini, tatizo la beringi moja linageuka kuwa tatizo la beringi, shafti, mkanda na pengine mkono wa mtu. Ukivua mkanda na kuizungusha kwa mkono, ngoma yenyewe itakuonyesha inapoumwa.

KWA NINI USILAZIMISHE

Vijana wengi wanafikiri hivi: injini ina nguvu, ikisukuma kidogo kutu itaachia. Tuangalie kinachotokea kweli.

Puli ya injini inazunguka, ya ngoma imesimama. Mkanda unateleza juu ya puli, unapata joto, unaanza kunuka mpira. Ndani ya dakika chache ule upande wa ndani unang'aa kama kioo. Mkanda ulioungua hivyo hautashika tena vizuri hata ngoma ikipona. Hiyo ni hasara ya kwanza.

Hasara ya pili ni shafti. Beringi ina pete mbili, ya ndani inayokaa juu ya shafti na ya nje inayokaa kwenye kikombe chake, na katikati kuna gololi. Gololi zikikwama halafu injini ikasukuma kwa nguvu, shafti inaanza kuzunguka ndani ya pete ya ndani. Chuma kinakula chuma. Hapo hata ukinunua beringi mpya italegea, kwa sababu shafti imeshapungua unene.

Kuna kikundi cha vijana kule Msalala nilichokwenda kukitembelea msimu mmoja. Mashine waliipata kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo ule hauna riba, lakini marejesho ni lazima. Walikuwa na wateja wa vijiji viwili wanawasubiri. Ngoma ikagoma, wakawasha injini mara tatu kuilazimisha. Nilipofika tukavua mkanda, tukafungua kifuniko cha upande wa puli. Sababu ilikuwa nini? Kamba ya kiroba! Ilikuwa imejiviringa kwenye shafti msimu uliopita, ikasukuma mpira wa kuzuia vumbi, unga wa mahindi ukaingia kwenye beringi, grisi ikakauka. Kazi ilikuwa ya kukata kamba kwa kisu na kubadili beringi moja. Lakini kwa sababu walilazimisha, shafti ilikuwa imeshalika, ikabidi ipelekwe Kahama kujazwa kwa kuchomelea na kuchongwa upya. Siku walizosubiri shafti, wateja wakachukua mashine ya kijiji cha jirani. Marejesho ya mwezi ule waliyalipa kwa kuuza mbuzi.

Kamba ile ingeonekana siku ya kwanza kama mkanda ungevuliwa.

KABLA HUJAGUSA CHOCHOTE

Mashine hizi zinakula vidole na mikono. Usianze kazi kabla ya kufanya haya:

1. Zima injini. Ya petroli, chomoa waya wa plagi. Ya dizeli, funga mafuta na uondoe hendeli ya kuwashia. Kama ni ya trekta, zima trekta na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe unayefungua mashine.

2. Kama ni ya mota ya umeme, zima swichi kuu na uchomoe waya. Asiwepo mtu wa kuwasha "kujaribu tu".

3. Vua kanga, kitenge cha kiunoni, skafu na shati la mikono mirefu inayopepea. Nywele ndefu zifungwe.

4. Usiingize mkono kwenye mdomo wa kulishia mahindi kwa kuwa eti ngoma imekwama. Ngoma iliyokwama ikiachia ghafla inaruka, na meno yake hayachagui. Tumia kijiti.

5. Watoto wakae mbali.

HATUA YA KWANZA: VUA MKANDA, TENGANISHA

Legeza bolti za kitako cha injini, sogeza injini, vua mkanda. Usiubandue kwa bisibisi huku umekaza, utaukata.

Sasa una vitu vitatu vilivyotengana: injini, ngoma na feni. Kila kimoja kizungushe peke yake kwa mkono.

Anza na injini. Vuta kamba au zungusha hendeli taratibu. Kama injini yenyewe ndiyo imenoki, basi ngoma unaionea bure, tafuta fundi wa injini. Mara nyingine injini haina shida kabisa, ila imekosa nguvu kwa sababu chujio la hewa limejaa vumbi.

Kisha feni. Feni nyingi zina mkanda wake mdogo unaotoka kwenye shafti ya ngoma. Vua na huo. Nimeona mashine ambayo ngoma ilikuwa nzima kabisa, kumbe panya walijenga kiota kwenye feni na bapa zikakwama. Watu walikuwa wameshaanza kugonga ngoma kwa nyundo!

Mwisho ngoma. Shika puli yake kwa mikono miwili, jaribu kuizungusha KINYUME na inavyozunguka ikiwa kazini. Kitu kilichojikaba wakati wa kazi hutoka kwa urahisi kikirudishwa kilikotoka. Kisha jaribu mbele. Sikiliza na uhisi, kwa sababu kila ugonjwa una dalili yake.

NGOMA INAKUAMBIA NINI?

Inazunguka kidogo, inagonga kitu "ko!", inarudi. Hapo kuna kitu kimeingia kati ya meno na chekeche: gunzi gumu, jiwe, kipande cha waya au bolti iliyodondoka. Mashine iliyozimwa ikiwa na mahindi ndani nayo hufanya hivi.

Haisogei kabisa, mbele wala nyuma, na ilikuwa nzima ilipowekwa stoo. Mshukiwa wa kwanza ni kutu. Makapi na unga uliobaki chini ya ngoma ulinyonya unyevu wa masika, ukaganda kama saruji, na kutu ikaunganisha ngoma na chekeche. Beringi nayo inaweza kuwa na kutu.

Inasogea kwa uzito, inakwaruza kama mchanga, na ukiitikisa puli juu na chini inacheza. Beringi imekufa. Mara nyingi hufa ile ya upande wa puli, kwa sababu ndiyo inayobeba mvuto wa mkanda. Angalia pia kama kikombe cha beringi kimebadilika rangi kuwa cha bluu au kahawia. Hiyo ni dalili ya joto kali.

Inazunguka nusu, inakaza, inaachia tena, na inakaza pale pale kila mzunguko. Shafti imepinda, au jino moja limepinda na linagusa chekeche.

Inakwaruza ukuta wa pembeni. Skrubu za kubana beringi kwenye shafti zimelegea, ngoma imehamia upande mmoja. Hii ndiyo rahisi kuliko zote: sukuma ngoma irudi katikati, kaza skrubu.

KUIACHILIA NGOMA ILIYOKWAMA

Fungua kifuniko cha juu, utoe na chekeche kama mashine yako inaruhusu. Piga picha kwa simu kabla ya kila bolti unayotoa, na bolti zote weka kwenye kopo moja. Ushauri huu ni mdogo lakini utakuokoa jioni ukishachoka.

Toa kila kitu kilicho ndani kwa kijiti, brashi ya waya na kikwangulio. Makapi yaliyoganda yakwanguliwe makavu. Usimwage maji, unaongeza kutu.

Angalia ncha zote mbili za shafti. Kamba za viroba, nyuzi za sandarusi na majani ya mahindi hujiviringa pale, karibu na beringi. Kata kwa kisu, vuta zote, usiache hata uzi.

Kama bado haisogei, changanya dizeli na oili ya injini nusu kwa nusu, au tumia mafuta ya kupulizia ya kulegeza kutu. Weka kidogo kidogo mahali chuma kinapogusana na chuma, na pembezoni mwa beringi. Halafu LALA. Ndiyo, nenda kalale. Mafuta yanahitaji muda kupenya, na asubuhi hufanya kazi ambayo nyundo haikuiweza jana.

Asubuhi chukua mti imara, upitishe kwenye mikono ya puli, wenza taratibu nyuma na mbele. Sentimita moja ikiachia, ongeza mafuta, rudia. Usiwenze kwa kushika meno ya ngoma, utayapinda. Usigonge puli kwa nyundo, nyingi ni za chuma cha kumimina na zinapasuka kama chungu.

Na moto? Mafundi wa kuchomelea watakwambia "pasha kidogo tu". Mashine iliyojaa vumbi la mahindi na kupakwa dizeli ni kiberiti tayari. Kama lazima moto utumike, safisha kwanza yote, ipeleke mbali na magunia na nyumba, na pawe na mchanga au maji karibu.

BERINGI: JIFUNZE KUISOMA USIPIGWE

Kama ngoma imeachia lakini inakwaruza, badili beringi, na ubadili zote mbili. Iliyobaki imefanya kazi miaka ile ile, itakufa katikati ya msimu.

Usiende dukani na maneno "nipe beringi ya mashine ya mahindi". Nenda na namba. Imechongwa kwenye pete ya beringi au juu ya kikombe chake.

Namba kama 6205 inasomwa hivi: chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5, unapata tundu la ndani kwa milimita. Kwa hiyo 05 mara 5 ni 25. Shafti yako ni milimita 25. 6206 ni 30, 6207 ni 35. Hesabu hii inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu.

Angalia na tarakimu ya pili. 6205 na 6305 zote tundu lake ni milimita 25, lakini ya kwanza upana wa nje ni milimita 52 na ya pili ni 62. Usichanganye, moja haitaingia kwenye nyumba ya nyingine.

Mashine nyingi zinatumia beringi yenye kikombe chake cha kufungwa kwa bolti mbili, imeandikwa UCP 205 au UCP 206. Hesabu ni ile ile, 25 na 30. Kama kikombe ni kizima unaweza kununua beringi ya ndani peke yake, UC 205 au UC 206, ukaokoa pesa.

Kwenye zile za 6205, mwishoni kuna herufi. ZZ maana yake ina vifuniko vya bati pande zote mbili. 2RS maana yake ina mipira pande zote mbili. Kwa mashine ya mahindi, ambayo inakula vumbi mchana kutwa, chagua 2RS.

Kama namba imefutika, chukua beringi ya zamani uende nayo, au pima kwa kalipa vitu vitatu: tundu la ndani, upana wa nje na unene. Muuza spea akiwa na hivyo vitatu hakosi.

Dukani, zungusha beringi kwa kidole. Iende laini bila kukwaruza. Maandishi yawe yamechongwa kwenye chuma, siyo wino unaofutika kwa kidole gumba. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka yote ya mtaa huo, jiulize kwa nini.

Sisi wa ukanda wa dhahabu tuna bahati katika hili. Karasha za kusagia mawe ya dhahabu nazo zina ngoma, shafti, puli na beringi, na hazilali. Kwa hiyo miji kama Katoro, Kahama na Geita ina maduka ya beringi na mafundi wa kuchonga shafti wanaofanya kazi hizo kila siku. Watumie. Ofisi za SIDO mkoani nazo ni mahali pa kuulizia karakana na mafunzo.

Lakini naomba hapa mnisikilize kwa makini. Spea mpya nunua popote. ILA usichukue ngoma kuukuu, chekeche, bati, ndoo wala pipa lililotumika kwenye karasha au mwalo ukalifunga kwenye mashine ya chakula. Wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kukamatia dhahabu, na kwingine sianidi. Zebaki haionekani kwa macho ikishaingia kwenye kutu na mikwaruzo ya chuma, na haitoki kwa kuosha na sabuni. Mahindi yanayopita hapo yanaliwa na watoto. Chuma cha bei poa cha namna hiyo ni ghali kuliko vyote.

KUTOA NA KUWEKA

Kutoa beringi ya zamani, tumia kivutio cha beringi chenye mikono miwili au mitatu. Kama huna, azima gereji. Legeza kwanza skrubu zake ndogo, safisha shafti kwa msasa ili kutu isizuie, paka mafuta, kisha vuta taratibu.

Shafti ikiwa wazi, iangalie. Pitisha kucha. Kama kuna mfereji unaokamata kucha, au beringi mpya inaingia na kucheza, usiweke kipande cha kopo la soda kujazia kama wanavyofanya wengine. Peleka kwa mchongaji. Pia laza shafti juu ya vitu viwili vilivyonyooka, izungushe, angalia kama inayumba.

Kuweka beringi mpya kuna sheria moja: inapoingia kwenye shafti, isukume kwa pete ya NDANI tu. Tafuta kipande cha bomba kinachotosha kuzunguka shafti na kugusa pete ya ndani peke yake, gonga bomba taratibu. Ukigonga pete ya nje, nguvu inapita kwenye gololi na kuziumiza. Beringi itaonekana mpya lakini umeshaiua siku hiyo hiyo.

Ziweke zote mbili, kaa ngoma katikati, zungusha kwa mkono. Kaza bolti za vikombe kidogo kidogo kwa zamu, huku ukizungusha kila mara. Ukikaza ghafla ngoma ikawa nzito, vikombe havijanyooka. Legeza, weka kipande cha bati chini ya kilicho chini, kaza tena. Mwisho kaza skrubu ndogo za kubana shafti.

Grisi: kwa beringi yenye chuchu ya kuingizia grisi, pampu chache zinatosha. Watu wanafikiri grisi nyingi ndiyo upendo. Beringi iliyojazwa pomoni inachemka kwa sababu gololi zinahangaika kuisukuma grisi yenyewe. Beringi za 2RS zimeshatiwa grisi kiwandani, usizifungue.

MKANDA NA PULI: HAPA NDIPO TATIZO HUANZIA

Ukibadili beringi bila kuangalia mkanda, baada ya wiki chache utarudi dukani.

Nyosha uzi kutoka puli ya injini hadi ya ngoma. Uzi uguse kingo za puli zote mbili bila kuacha nafasi. Kama umepinda, sogeza injini. Mkanda uliopinda unaisha upande mmoja na unavuta beringi.

Kisha bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ubonyee kama sentimita moja hadi moja na nusu. Ukiwa umelegea sana unateleza. Ukiwa umekaza kama uzi wa gitaa, unavunja beringi ya upande wa puli.

Tena, usibadili ukubwa wa puli kienyeji ili "mashine ikimbie". Hesabu ni hii: mizunguko ya injini, zidisha kwa upana wa puli ya injini, gawa kwa upana wa puli ya ngoma. Mfano, injini ya mizunguko 2,200 kwa dakika, puli yake inchi 4, puli ya ngoma inchi 10: ngoma itazunguka mara 880 kwa dakika. Ukibadili puli ya ngoma ukaweka ya inchi 6, inapanda hadi zaidi ya 1,460. Mahindi yatavunjika, beringi zitachemka, na jino likichomoka kwa kasi hiyo linakwenda kama risasi. Fuata mwendo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine yako. Kama kibao hakipo, rudisha puli za ukubwa ule ule uliozikuta.

KUIRUDISHA KAZINI

Kabla ya kufunga mkanda, zungusha ngoma kwa mkono mizunguko kumi. Isiguse popote. Nafasi kati ya meno na chekeche iwe sawa kulia, kushoto na katikati.

Rudisha vifuniko na kinga ya mkanda. Washa injini kwa mwendo wa chini bila mahindi, dakika kumi hadi kumi na tano. Zima, subiri isimame kabisa, kisha weka mgongo wa kiganja juu ya kikombe cha beringi. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuuacha mkono hapo kwa sekunde chache, kuna kitu: mkanda umekaza mno, vikombe vimepinda au grisi imezidi.

Kwa sababu ulitumia dizeli na oili, futa ndani yote kwa matambara makavu. Kisha pitisha magunzi makavu na debe moja la mahindi yako mwenyewe. Debe hilo lizike. Usiwape kuku, usiwape ng'ombe, na usilichanganye na mahindi ya mteja.

Halafu angalia mahindi unayopukuchua. Mahindi mabichi ndiyo yanayorudisha ugonjwa, kwa sababu yanapondeka, yanaganda kwenye chekeche na kukaba ngoma. Jaribu kwa chupa: chukua chupa kavu, weka punje na chumvi kavu, funga na utikise. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu bado uko zaidi ya asilimia 15, mahindi yarudi juani. Ya kuweka ghalani yasizidi asilimia 13.5.

MAHINDI YANAYOSUBIRI MASHINE

Wakati mashine iko kwa fundi, usiache mahindi yamerundikwa chini kwenye udongo ukafunika turubai. Yatapata joto na ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Sumukuvu siyo hadithi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuchemsha hakuiondoi. Yatandaze juu ya turubai au kichanja, geuza, chagua yaliyooza. Ukiamua kupukuchua kwa kupiga fimbo ndani ya gunia, jua kwamba punje zinazopasuka zinafungua mlango kwa ukungu na dumuzi. Bora mikono ya wengi, au ukodi mashine ya jirani kwa siku moja.

MSIMU UKIISHA

Mashine haikwamii kazini, inakwamia stoo. Inafanya kazi miezi miwili au mitatu, inalala miezi mingine yote, na usingizi huo unapita katikati ya mvua za Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo siku ya mwisho ya msimu:

- Iendeshe tupu dakika tano, kisha ifungue na utoe makapi yote mpaka uone chuma.
- Kata kamba na nyuzi zote kwenye shafti.
- Weka grisi kwenye beringi zenye chuchu, zungusha ngoma ili grisi mpya isukume vumbi nje.
- Vua mkanda, utundike ndani mbali na jua na mafuta.
- Inua mashine juu ya mawe au mbao, isiguse udongo. Usiiweke karibu na mbolea ya chumvichumvi, inakula chuma.
- Funika juu, lakini pembeni hewa ipite. Turubai lililobana linafungia unyevu ndani.
- Kila mwisho wa mwezi, mmoja wenu aizungushe ngoma kwa mkono mara kumi. Mkiwa kikundi, andikeni zamu kwenye daftari pamoja na marejesho.

Hiyo zamu ya mwisho wa mwezi haigharimu hata shilingi. Ndiyo itakayokuambia mwezi wa 12, wakati fundi ana nafasi na spea zimejaa dukani, kwamba beringi imeanza kukwaruza. Usisubiri kuambiwa mwezi wa 6 na wateja wakiwa wamepanga magunia mlangoni.

Wenye mashine, kesho asubuhi kabla hamjaenda shambani, piteni stoo mkaizungushe mara kumi.